Kompyuta Iliyozima Siku za Jumanne

Honkaperä, Ijumaa, 1 Januari 1999

Kaka Jarkko,

Naahidi kukueleza kila kitu, hata yale yatakayonitia aibu. Uliniambia siku ile ya kuondoka kwamba fundi hana la kufanya akiambiwa tu "haifanyi kazi", na huko mlimani kwenu hakuna simu ya kuniulizia zaidi.

Kwanza salamu. Hujambo? Umepona mafua? Sisi hatujambo, ila Mama analalamika mgongo kwa sababu tangu Krismasi kule kazini kwake, kwenye kiwanda cha mikate, wako watu wawili tu badala ya watatu. Baridi leo asubuhi ilikuwa digrii ishirini na nane chini ya sifuri. Babu ni mzima. Anauliza kama jeshi la walinda amani linawapa kahawa ya maana au maji yaliyooshewa soksi.

Sasa shida yenyewe. Kompyuta tuliyoiunda wakati wa kiangazi inajizima. Si kila mara. Naweza kuandika programu yangu saa mbili nzima, halafu ghafla kioo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza, na baada ya pumzi moja inaanza upya kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. Siku nyingine inazima kabisa mpaka niibonyeze. Tangu Desemba imefanya hivyo mara tisa. Mara mbili nimepoteza kazi yote ya siku.

Sikuandikii kwa ajili ya kazi ya shule peke yake. Unakumbuka Babu alivyosahau birika la kahawa juu ya jiko mwezi wa Novemba, likaungua mpaka kitako kikatoboka. Mama alisema siku ile: Babu atabaki nyumbani ikiwa mimi nipo naye kuanzia saa nane na nusu mchana, nikitoka shule. Ikishindikana, atamwombea nafasi katika nyumba ya wazee mjini. Sasa kazi yangu ya mwisho ya darasa la tisa ni ile programu ya kupanga matokeo ya mbio za ski za kijiji, na bila kompyuta hapa itabidi nibaki kwenye chumba cha kompyuta shuleni hadi basi la saa kumi na mbili jioni. Nani atakaa na Babu? Kwa hiyo kompyuta ikifa, Babu anaondoka. Mama hajui kwamba inazima. Sijamwambia.

Babu anajua, na anacheka. "Saa yangu ya kupimia mbio," anasema, "haijajizima tangu mwaka hamsini na sita, na haijawahi kuomba soketi."

Nianzie wapi?

Mdogo wako,
Riikka


Kusini mwa Lebanon, Jumapili, 10 Januari 1999

Mdogo wangu Riikka,

Salamu kutoka kwenye matope. Mafua yameisha, namshukuru mpishi na vitunguu vyake. Mwambie Babu kahawa ya hapa ni nzito, kijiko kinasimama wima. Mwambie Mama asibebe magunia ya unga peke yake, hata kama anajiona ana miaka ishirini.

Umeandika vizuri. Sasa sikiliza, na ufuate mpangilio. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na ikapona, hutajua kilichoiponya.

Chomoa waya wa umeme. Gusa bomba la maji kwanza ili mwili wako usiwe na chaji. Fungua kasha, utoe vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye feni iliyo juu ya prosesa. Iache ifanye kazi siku tatu ikiwa wazi. Kama inazima kwa sababu ya joto, itapumua.

Isipopona, toa kadi moja ya memori, ubakize moja. Siku tatu. Kisha uzibadilishane. Siku tatu tena.

Halafu sukuma kila waya mpaka mwisho, hasa ule mnene unaotoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme. Ile pawa saplai ndiyo ninayoishuku zaidi. Tuliitoa kwenye kompyuta ya zamani ya maktaba, na haikuwa na nguvu ya kutosha hata siku hiyo. Nilijua. Nilikuwa na haraka ya kuona kioo kikiwaka.

Mwisho, ipeleke kwenye nyumba nyingine uone.

Na usimfiche Mama mambo. Ana macho.

Kaka yako,
Jarkko


Honkaperä, Alhamisi, 4 Februari 1999

Kaka Jarkko,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Redioni walisema kulikuwa na milio ya mizinga upande wa kwenu, na Mama alizima redio kabla habari haijaisha. Sisi ni wazima. Mgongo wa Mama ni vilevile.

Nimefanya yote. Vumbi lilikuwepo, lakini kidogo. Ikiwa wazi ilizima vilevile, siku ya pili. Kwa kadi moja ya memori ilizima. Kwa kadi nyingine ilizima. Nimesukuma waya zote mpaka vidole vikauma.

Babu alikuja juu kunitazama. Alisimama mlangoni na suruali yake ya sufi.

"Umempasua tena mgonjwa?"

"Ndiyo, Babu."

"Na bado hujui anaumwa nini."

"Bado."

"Basi mfunge, umpe maziwa. Ndivyo tulivyowafanyia ndama."

Jumatatu wiki iliyopita niliifunga kwa blanketi juu ya kile kiti chenye vyuma vya kuteleza kwenye theluji, nikaisukuma hadi kwa akina Outi, yule wa darasani kwangu. Kilomita mbili, na nilitembea kama niliyebeba mayai. Outi aliiwasha sebuleni kwao na hatukuizima usiku wala mchana hadi Ijumaa. Haikuzima hata mara moja, Jarkko! Mama yake Outi akasema labda inapenda zaidi kwao, wana pazia zuri.

Niliirudisha Ijumaa mchana. Niliiacha chumbani kwanza saa nzima ipate joto, kama ulivyonifundisha. Niliiwasha saa tisa. Saa tisa na dakika ishirini na tano ilizima.

Mdogo wako,
Riikka


Kusini mwa Lebanon, Jumapili, 14 Februari 1999

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi mzima. Milio ilikuwa bonde la pili, mbali na sisi. Mwambie Mama hivyo, na ni kweli.

Umefanya kazi ambayo mafundi wa kulipwa huruka. Kwa akina Outi ni nzima, kwetu ni mgonjwa. Basi mgonjwa ni nyumba yetu. Tuko mwisho wa laini ya umeme, na nyaya za nyumba ni za tangu Babu alipoijenga. Kitu kikubwa kikiwaka, umeme unashuka kwa kufumba na kufumbua. Taa hufifia kidogo tu, macho hayaoni. Lakini pawa saplai dhaifu kama yetu haivumilii hata huko kufumba jicho mara moja.

Kwa hiyo tafuta ni kitu gani. Kila ikizima andika siku, saa na dakika, na kila kinachowaka ndani ya nyumba. Niletee orodha yote, usichague.

Babu anaendeleaje? Hukuandika kama bado anasahau.

Kaka yako,
Jarkko


Honkaperä, Jumanne, 23 Februari 1999

Kaka Jarkko,

Salamu kutoka kwetu sote. Babu hajambo. Umeuliza kama anasahau. Husahau majina ya watangazaji wa televisheni, lakini Mama pia huyasahau. Birika hajalisahau tena. Anapenda kusaidia, juzi alimenya viazi vya watu kumi.

Orodha yangu ni hii, nilikuwa nimeanza kuiandika hata kabla barua yako haijafika. Jumanne ya tarehe 16, saa tisa na dakika ishirini: friji, taa yangu, redio ya Babu. Ijumaa ya tarehe 19, saa tisa na robo, na tena saa tisa na dakika arobaini: friji, taa, redio. Jumamosi, saa kumi na moja kasoro dakika kumi: friji, taa, sauna, oveni ya Mama. Jumapili na Jumatatu hakuna kitu, na niliiacha imewaka siku nzima. Leo Jumanne, saa tisa na dakika tano: friji, taa, redio.

Nimerudi kwenye daftari la Januari. Karibu zote ni Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Kompyuta inajuaje siku za wiki? Nimelitazama friji mpaka nikaliogopa. Ninaposta leo leo.

Mdogo wako,
Riikka


Honkaperä, Jumamosi, 27 Februari 1999

Kaka Jarkko,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Tatizo la kompyuta limekwisha. Limekwisha lenyewe. Usihangaike kujibu ile orodha.

Riikka


Kusini mwa Lebanon, Ijumaa, 5 Machi 1999

Riikka,

Natumaini mko salama, na safari hii nauliza kwa dhati, si kwa kufuata desturi ya barua.

Barua zako mbili zimefika pamoja katika gunia moja. Nilianza na ile ndefu, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimecheka peke yangu, kwa sababu jibu lilikuwa rahisi. Jumamosi ni sauna. Ni lile jiko la umeme la kupashia mawe joto nililolifunga mimi mwezi wa Agosti. Linakula umeme kuliko nyumba nzima, na kila mawe yakipoa kidogo linajiwasha upya. Ndiyo maana kompyuta huzima mara mbili mfululizo.

Kisha nikaacha kucheka. Nani anawasha sauna Jumanne saa tisa, Mama akiwa kazini na wewe uko juu?

Halafu nikafungua barua yako fupi. Mistari minne. Wewe, uliyeniandikia hadi nguo aliyovaa Babu mlangoni. Kasoro ambayo haijatengenezwa haiondoki yenyewe. Kuna mtu ameigusa. Ni nani, na amegusa nini?

Sikukaripii. Ninakaa juu ya kilima hiki nikitazama bonde kwa darubini saa nane kwa siku, na nyumbani kwetu sioni kitu isipokuwa unachoniandikia wewe.

Kaka yako,
Jarkko


Honkaperä, Jumatatu, 15 Machi 1999

Kaka Jarkko,

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliisoma mara tatu kwenye ngazi za posta. Nilitaka kuanza kwa salamu nzuri lakini sijui niseme hatujambo au la. Hakuna aliyeumia. Hilo ndilo la kwanza ujue.

Ijumaa ile ya tarehe 26 Februari kompyuta ilizima saa tisa na dakika kumi kama kawaida. Nikaandika. Kisha ilizima tena saa kumi na moja, saa ambayo haijawahi kuzima siku ya Ijumaa. Nikasema nitashuka nitazame kila chumba, nione kinachowaka. Babu alikuwa amelala kwenye kiti cha jikoni, redio ikisema. Nikafungua mlango wa sauna.

Jarkko, mashuka yalikuwa yametundikwa juu ya jiko. Mashuka mawili na aproni za Mama. Jiko lilikuwa jekundu ndani, na shuka moja lilikuwa limegusa mawe. Lilikuwa limeshakuwa la kahawia, na katikati likaanza kutoa moshi mwembamba. Nililivuta chini, nikalimwagia maji ya ndoo, nikazungusha swichi hadi sifuri.

Nilipomwamsha Babu alisema hakuacha jiko likiwaka. Aliapa. Mama hufua Jumatatu na Alhamisi usiku, na nguo hazikauki kwa baridi hii. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa Babu alikuwa akiwasha sauna saa tisa, anasubiri mawe yapate joto, anazima, halafu anatundika nguo katika joto lililobaki. Mama alidhani mimi ndiye ninayezipanga karibu na radieta, na mimi nilidhani ni yeye.

"Bibi yako alikausha hivyo miaka arobaini," aliniambia. "Watu wakishaoga na moto ukishakufa, ndipo nguo zinaingia. Mimi si mjinga wa kutundika nguo juu ya moto."

Nikaenda kuitazama swichi. Unaijua, uliifunga mwenyewe. Upande mmoja ni saa za kuwaka, na ukizidi kuzungusha zinakuja saa za kusubiri, ili jiko lijiwashe baadaye. Babu alikuwa amezungusha kuelekea mbele badala ya kurudi nyuma. Jiko lilipoa kweli, akatundika nguo, akaenda zake. Saa moja na nusu baadaye likajiwasha lenyewe.

Alinishika mkono. "Mama yako asijue, mjukuu wangu. Birika alinisamehe. Nyumba hatanisamehe." Nikamwambia sitasema. Nililificha lile shuka chini ya kitanda changu, nikamwambia Mama limeraruka shuleni kwenye maonyesho. Hata sijui ni maonyesho gani.

Na kesho yake nikafanya lile ambalo ndilo baya zaidi. Nilifungua kisanduku cha umeme, nikazitoa fyuzi tatu za jiko la sauna, nikazitia kwenye mfuko wa ski nilionao shuleni. Jumamosi mchana ninaizima kompyuta mwenyewe na kuzirudisha fyuzi kimya kimya kabla Mama hajataka kuoga, na jioni ninazitoa. Nilikuwa na furaha, Jarkko. Kompyuta haikuzima tena hata mara moja. Programu yangu inapanga waskii mia mbili kwa nukta moja. Babu hawezi kujiunguza. Nikajiona nimetengeneza vitu viwili kwa mkono mmoja, na siku ileile ya kwanza nikakuandikia ile barua ya mistari minne.

Sikumfikiria Babu mwenyewe. Jumanne akazungusha swichi, mawe yakabaki baridi. Ijumaa vilevile. Jumamosi Mama akazungusha swichi ileile, jiko likawaka. Jumanne iliyofuata nilimsikia huko chini akizungusha na kurudisha, akizungusha na kurudisha, mlio wa tik, tik, kwa muda mrefu. Aliacha kumenya viazi. Aliacha kunitania. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema, "Hapana, bibie, ninasikiliza tu."

Alhamisi iliyopita, tukiwa mezani, aliweka uma chini, akamwambia Mama: "Piga simu kule mjini. Niombee kile chumba. Mikono yangu imesahau."

Mama alidhani ni utani. Kisha akaona si utani, akainuka akaenda kusimama dirishani. Ijumaa alipiga simu. Wamempa siku ya kwenda kukiona chumba, Alhamisi baada ya Pasaka, tarehe 8 Aprili.

Na mimi nilikaa kimya hata hapo! Siku mbili nzima. Barua yako ndiyo iliyonitoa.

Jana Jumapili, baada ya kahawa, nilileta mfuko wangu nikaweka fyuzi tatu juu ya kitambaa cha meza, na shuka pembeni. Nikasema yote, kuanzia tarehe 26. Sikulia mpaka mwisho.

Babu alichukua fyuzi moja akaipuliza kama yenye vumbi.

"Kwa hiyo swichi ilikuwa nzima?"

"Ndiyo, Babu."

"Na mimi nilikuwa naizungusha sawasawa?"

"Wiki hizi mbili, ndiyo. Sawasawa kabisa."

Akaiweka chini taratibu. "Wiki mbili, wee mtoto. Wiki mbili kila asubuhi nimekuwa nikijiuliza jina la mama yangu, nione kama bado lipo."

Mama hakupiga kelele. Alilikunjua lile shuka, akatia mkono kwenye tundu lililoungua, akanitazama kupitia humo.

"Chumba chako kiko juu ya sauna," alisema.

"Najua, Mama."

"Unajua. Basi mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani ungemwondoa."

"Ningemwondoa," Mama alisema. "Usiku uleule."

Babu akasema yuko hapohapo, wasimzungumzie kama kabati. Kisha wakagombana, wao wawili, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Baba alipohamia Sweden, na ajabu ni kwamba nilifurahi, kwa sababu Babu alikuwa anabisha tena. Mama akasema mtu anayewasha moto na kulala hawezi kuachwa na mtoto. Babu akasema hakuwasha moto, alizungusha kidude cha plastiki kilichoandikwa tarakimu ndogo kama mavi ya nzi. "Nipe kuni," alisema. "Moto wa kuni nikiusahau unakufa. Huu wenu nikiusahau unaniamkia!"

Mama alimimina kahawa nyingine, akasahau kujimiminia yeye. Baadaye akauliza kama lile jiko la zamani la kuni bado liko ghalani. Babu akasema liko, limefunikwa turubai, na bomba lake la moshi ni zima, alilipaka mafuta mwenyewe. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba tukiliondoa la umeme kompyuta haitazima tena, kwa hiyo nitakuwepo nyumbani kila mchana kama zamani, na fyuzi hazitahitaji kuishi kwenye mfuko wangu.

Mama hajaifuta ile siku ya tarehe 8. Alisema maneno haya, ninayaandika kama alivyoyasema: "Jiko la kuni likiwa mahali pake kabla ya siku hiyo, na likikaguliwa na mtu wa zimamoto, nitapiga simu niwaambie chumba wampe mwingine. Lakini lile la umeme ni zawadi ya Jarkko. Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza ili mimi nisibebe kuni. Silingoi bila yeye kusema."

Kaka, Babu hajanisamehe bado. Leo asubuhi alinimiminia chai bila kusema neno, lakini aliitia sukari vijiko viwili kama ninavyopenda. Na nilipotoka kwenda kwenye basi nilimwona uani, amevaa koti lake la sufi na kofia, anasukuma theluji kufungua njia ya ghalani.

Nimehesabu siku. Barua hutumia kama wiki moja au zaidi kidogo, na mtu wa zimamoto anahitaji wiki. Ukijibu siku ileile utakayoipata hii, inawezekana, ila kwa shida sana. Kuni nitabeba mimi, wala si Mama, nakuahidi.

Je, kaka, unaturuhusu tuling'oe?

Mdogo wako,
Riikka